Tawa: utunzaji wa bahari kutoka majumbani

Tawa ni mji mdogo wa soko na mahakama katika Mbooni Mashariki, kaunti ya Makueni. Uko mbali na pwani, lakini maji ya mvua ya eneo hili huishia Mto Athi, ambao ukishaungana na Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi.

Udongo

Kati ya vyote ambavyo mto huu huteremsha kutoka bara, udongo ndio mwingi zaidi. Msimu wa kaskazi, tope la Sabaki husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi. Maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa na matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, hupungukiwa na mwanga.

Kinga dhidi ya tope hilo huanza shambani. Familia huchimba matuta ya fanya juu: mtaro hukatwa kukingama mteremko, udongo hutupwa upande wa juu, na ukingo hupandwa nyasi za kulisha ng'ombe. Maji husimama mtaroni mpaka ardhi iyanywe. Kazi hii nzito hufanywa kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana ambavyo bila wanawake vingekufa. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliitazama wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, kama nchi iliyokwisha. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki, uliochapishwa 1994, uliwaumbua: watu walikuwa wameongezeka mara tano na zaidi, ilhali mmomonyoko umepungua.

Mitoni kwenyewe, uchimbaji wa mchanga nao una sheria ya kaunti ya mwaka 2015.

Plastiki

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na kiondo, kikapu cha kusuka ambacho Ukambani hakikuwahi kutoweka, kikapata heshima mpya sokoni. Chupa hutumika tena kwa maziwa na mafuta ya taa. Nepi za kutupa ndizo sugu: haziozi, na zikiachwa korongoni hungoja tu mvua izisombe hadi mtoni.

Maji machafu

Nguo hufuliwa kando, si ndani ya mto, ili maji ya sabuni yasiteremke nao.

Hali ya sasa

Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa 2018 karibu na makutano ya Thwake na Athi, litanasa sehemu ya udongo unaoteremka na mto kabla haujafika Galana.