Jinsi chandarua kilivyopata dawa

Katika kijiji cha Zeneti, wilayani Muheza mkoani Tanga, kuna vibanda ambavyo watu wazima hulala humo kwa hiari yao kwa ajili ya utafiti. Jioni kila mmoja huingia chini ya chandarua kilichotobolewa makusudi matundu sita, kila moja lenye sentimita 4 kwa 4, ili kifanane na chandarua kilichochakaa nyumbani. Kukipambazuka, mbu wote waliomo hukusanywa na kuhesabiwa: waliokufa, walioshiba damu, waliokimbilia verandani. Hesabu za namna hiyo, za Zeneti na za vituo vingine vya Afrika, ndizo zinazosaidia kuamua ni chandarua gani kinafaa kutundikwa juu ya kitanda cha mtoto.

Tunakipokea chandarua kliniki au shuleni kana kwamba ni kitambaa cha kawaida. Sivyo. Ndani yake zimekutana elimu tatu: ya nyuzi na plastiki, ya mbu na mazingira yake, na ya afya ya binadamu. Historia inaonyesha kwamba kila moja ya elimu hizo ilipoachwa nyuma, malaria ilipata upenyo.

Kutoka ukutani hadi shambani

Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, daktari Mwingereza Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Kuanzia hapo chandarua, ambacho watu walikuwa wakikitumia tangu zamani kukwepa kero ya mbu, kilikuwa na kazi ya kitabibu. Hata hivyo kilikuwa na udhaifu mkubwa. Tundu moja lilitosha kumpitisha mbu, na mkono uliogusa kitambaa uliumwa kwa nje.

Mwaka 1939 mkemia Paul Müller aligundua mjini Basel, Uswisi, kwamba DDT huua wadudu na nguvu yake hudumu muda mrefu. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Wakati wa Vita Kuu ya Pili baadhi ya majeshi yalitia dawa vyandarua na sare za askari, lakini vita vilipokwisha nguvu zote zilielekezwa kwenye kupulizia kuta. Kwetu, mradi mkubwa ulifanyika katika miaka ya 1950 kwenye mpaka wa Tanganyika na Kenya, upande wa Upare na Taveta, ambako nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin. Malaria ilipungua sana, lakini haikutoweka.

Kisha mazingira yakadai haki yake. Mwaka 1962 mwanabiolojia Mmarekani Rachel Carson alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi dawa za jamii hiyo zinavyojilimbikiza kwenye udongo, samaki na ndege. Swali likabadilika: ipo dawa inayomwangusha mbu bila kubaki ardhini kwa miaka mingi?

Jibu lilikuwa linachanua mashambani. Wakulima wa nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Rwanda walilijua ua la pareto, ambalo utomvu wake humlegeza mdudu mara moja na kuoza upesi. Kasoro yake ni kwamba jua huuharibu haraka mno. Mwaka 1973, katika kituo cha kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, Michael Elliott na wenzake walitangaza permethrini, dawa iliyoundwa maabara kwa kuiga kemia ya pareto lakini isiyoharibiwa na mwanga upesi. Kwa binadamu, katika kiasi kinachotumika kwenye nyuzi, madhara yake ni madogo. Kwa samaki ni sumu kali, na jambo hilo tutalirudia.

Vijiji vyathibitisha

Katika miaka ya 1980 watafiti walianza kuchovya vyandarua kwenye permethrini na kuvijaribu katika vibanda maalumu, Burkina Faso na Muheza zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Kibanda chenye veranda za kunasia mbu wanaotoka kilikuwa tayari kimeelezwa mwaka 1965 na Alec Smith, mtafiti wa taasisi ya viuatilifu ya Arusha. Vibanda hivyo vilionyesha jambo ambalo maabara peke yake haikuweza kulionyesha: chandarua chenye dawa humuua mbu au kumfukuza, hata kikiwa kimetoboka.

Lakini mbu kufa ni jambo moja, na mtoto kupona ni jingine. Mwaka 1991 Pedro Alonso, Brian Greenwood na wenzao walichapisha matokeo ya Gambia, ambako familia nyingi zilikuwa tayari na vyandarua vyao. Vilipotiwa dawa, vifo vya watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 4 vilipungua kwa takriban asilimia 63. Wengi walitilia shaka kama ingekuwa hivyo pengine, kwa hiyo majaribio makubwa yakafuata. Kilifi, pwani ya Kenya, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, kama ilivyoripotiwa mwaka 1996. Huko Asembo, magharibi mwa Kenya, iligundulika kwamba hata nyumba zisizo na vyandarua zilipata kinga zikiwa ndani ya mita 300 hivi kutoka kwa jirani mwenye navyo, kwa kuwa mbu walikuwa wamepungua eneo zima.

Katika Bonde la Kilombero, watafiti wa Ifakara waliuliza swali la watu wa kawaida: je, chandarua kikiuzwa dukani kwa bei nafuu, kitaokoa watoto vilevile? Kuanzia mwaka 1997 chandarua cha jina la Zuia Mbu kiliuzwa Kilombero na Ulanga, na uhai wa watoto wenye kukitumia uliongezeka kwa kiwango kinachopimika. Mwaka 2004 Tanzania ikaanzisha Hati Punguzo, ili mama mjamzito anunue chandarua kwa bei ndogo.

Dawa yaingia ndani ya uzi

Tatizo lililobaki lilikuwa la kitambaa. Dawa iliyochovywa ilifuliwa ikaisha, na chandarua kilihitaji kuchovywa upya kila baada ya miezi kadhaa. Familia chache zilifanya hivyo. Kampuni ya Sumitomo ya Japani ikaichanganya permethrini na plastiki iliyoyeyushwa kabla ya kuvuta uzi. Dawa ya juu inapofuliwa, iliyo ndani hupanda polepole hadi usoni mwa uzi. Kampuni nyingine ziliigandisha dawa kwenye nyuzi za polisteri. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua hivyo vya kudumu, na kipimo cha Shirika la Afya Duniani kikawa wazi: kistahimili kufuliwa mara 20 na kutumika miaka 3.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba tangu mwaka 2000 kinga mbalimbali zilizuia visa milioni 663 vya malaria barani Afrika, na vyandarua vyenye dawa vilichangia asilimia 68.

Usugu na deni la mazingira

Mbu naye alibadilika. Wale wenye vimeng'enya vya kuivunja permethrini waliishi na kuzaana. Jaribio la Muleba, mkoani Kagera, lilionyesha kwamba chandarua kilichoongezwa kemikali ya PBO, inayozuia vimeng'enya hivyo, kilikinga watoto vizuri zaidi. Jaribio la Misungwi, mkoani Mwanza, likaenda mbele. Lilitumia pia klorfenapiri, ambayo hugeuka sumu kamili ndani ya mwili wa mbu kwa kazi ya vimeng'enya vyake mwenyewe. Baada ya miaka miwili, watoto 46 hivi kati ya 100 walikuwa na vimelea pale palipogawiwa vyandarua vya kawaida, lakini 26 hivi tu pale palipokuwa na klorfenapiri. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua hivyo.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Chandarua chakavu ni plastiki isiyooza, na kikitumika kama wavu ziwani au mtoni huvua hadi vifaranga vya samaki na kupeleka majini dawa ile ile iliyo sumu kwao. Sera ya ugawaji isiyosema chandarua cha zamani kitaenda wapi ni sera pungufu.

Vyandarua vipya vikiwasili, wananchi tuna haki ya kuuliza vimepimwa dhidi ya mbu wa wapi, na lini. Vituo vya Muheza, Ifakara, Misungwi na Kilifi vinaweza kujibu, lakini kwa miaka mingi vimetegemea sana fedha za wafadhili wa nje. Serikali zetu zinapaswa kuvitengea fungu la kudumu, kwa sababu usugu wa mbu hausubiri bajeti ya mfadhili, na mtoto anayelala chini ya chandarua kilichopitwa na wakati ni wa kwetu.