Chumvi ya Bahi Haikuanza Dukani

Vijana wa kliniki za presha hapa Dodoma hupenda kuwaambia wagonjwa kwamba mababu zetu hawakujua chumvi, ndiyo maana mishipa yao ilibaki laini. Mimi ni tabibu mstaafu na mzaliwa wa Bahi. Hilo wakamwambie mwingine. Bibi yangu alikuwa mpika chumvi.

Kiangazi, mbuga ya Bahi ikikauka, ardhi hutoa unga mweupe. Akina mama waliukwangua pamoja na udongo wake, wakautia katika chungu kilichotobolewa chini, wakamimina maji, kisha yale yaliyochuruzika wakayachemsha hadi yakauke. Kutwa nzima ya kuni na moshi, upate vibaba vichache. Chumvi hiyo ilibadilishwa kwa nafaka, na misafara ya pembe iliipata ilipokatiza Ugogo ikitozwa hongo na watemi, njia ileile waliyoishika wasafiri Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871.

Halafu reli. Ilifika Dodoma mwaka 1910, na mwaka 1914 ilikuwa Kigoma, ikipita Uvinza kwenye chemchemi za chumvi za kale. Chumvi ya gunia ikashuka stesheni, na jasho la kuitafuta likaisha.

Sasa mshipa wenyewe. Aota, mshipa mkuu utokao moyoni, hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha hujirudi. Umri ukisogea, nyuzi zake zinazovutika hukatika na nyuzi ngumu hushika nafasi, hata kwa mtu asiyeumwa chochote. Presha, sigara na kisukari huharakisha uchakavu huo. Chumvi nyingi huusukuma kwa kupandisha presha. Wataalamu hupima kasi ya wimbi la mapigo kutoka shingoni hadi kwenye kinena: ikizidi mita 10 kwa sekunde, mshipa umekakamaa.

Mfano ninaoupenda unatoka kwa jirani zetu Wamaasai. Mwaka 1972 George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki. Walaji wa maziwa na nyama hao walikuwa na mafuta kwenye kuta za mishipa ya moyo, tena si haba. Lakini mishipa ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga, njia ya damu ikabaki wazi. Mann aliyapa sifa mazoezi ya mwili, yaani kule kutembea na ng'ombe mchana kutwa.

Kwa hiyo sikubali historia ya chungu peke yake. Kule Kenya, A. G. Shaper na wenzake waliandika mwaka 1969 juu ya vijana wa Kisamburu walioingia jeshini: presha zao zilipanda. Chakula cha kambini kilikuwa na chumvi kuliko cha nyumbani, ni kweli, lakini maisha yao mengine nayo yalikuwa yamebadilika. Bibi naye alikula chumvi yake, ila kabla ya kuionja alikuwa ameshachimba, amebeba maji, amekata kuni, na iliyobaki akaitia kichwani kwenda kuiuza Kigwe kwa miguu.