Unapanda meli ya kitalii? Fika siku moja kabla

Meli ya kitalii haisubiri mtu. Kama unaipandia Barcelona ukitokea Dar au Nairobi, usikate tiketi ya ndege inayotua asubuhi ileile. Ndege ya kuunganisha ikichelewa, meli inaondoka na nauli yako. Bora ulipie hoteli usiku mmoja.

Bima ya viza ya Schengen, ambayo kima chake cha chini ni euro 30,000, ni ya matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Je, kuachwa na meli kumo? Na mkitia nanga Tangier, nje ya Schengen? Uliza kabla hujalipa. Zahanati ya melini ni ya kulipia, tunza risiti.

Kuhara na kutapika melini mara nyingi ni norovirusi. Sanitaiza haikiwezi vizuri kirusi hiki. Nawa kwa sabuni na maji. Ukiugua, sema mapema, hata kama utafungiwa chumbani.