Dishi, fundi na setilaiti iliyosimama juu ya Kenya (Vitu vya Sebuleni, sehemu ya 6)

Leo ni zamu ya dishi. Kwenye sehemu iliyopita wengi mliuliza kitu kimoja: kwa nini fundi anapanda juu ya bati saa nne asubuhi na saa nane bado yuko huko huko, anapiga kelele "imekuja?" na wewe sebuleni unajibu "haijaja!"

Najua wengine mtasema, nesi na dishi wapi na wapi. Subirini kidogo. Kwenye historia ya dishi mama na mtoto wamo tangu mapema, kabla mpira haujalichukua.

Tuanze na mahesabu madogo. Mwaka 1945 Mwingereza mmoja, Arthur C. Clarke, aliandika makala kwenye jarida la mafundi redio akasema hivi: ukipeleka chombo juu ya mstari wa ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000, kitazunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia inajizungusha. Kwa hiyo ukiwa chini utakiona kama kimesimama pale pale. Huo ndio msingi wa dishi lako. Dishi limefungwa kwa nati na halizunguki kwa sababu setilaiti nayo, kwa macho yetu, haiendi popote.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Setilaiti ya Telstar iliyorushwa tarehe 10 Julai 1962 ilipita chini zaidi, ikatokea upande mmoja wa anga na kuzama upande wa pili. Mafundi walipata kama dakika ishirini tu za kuitumia kila ilipopita. Pale Goonhilly, kusini magharibi mwa Uingereza, walijenga dishi la upana wa mita 26, uzito zaidi ya tani 1,000, na zima lilikuwa linageuka kuifuata Telstar. Usiku wa kwanza Wafaransa kule Pleumeur-Bodou walipata picha safi kutoka Marekani. Waingereza wakapata ukungu na mistari.

Dishi lao lilikuwa linaangalia mahali sahihi kabisa. Shida ilikuwa kwenye namna wimbi linavyojisokota. Wimbi la Telstar lilikuja likijizungusha kama skrubu, na kifaa kimoja kidogo cha kupokea kilifungwa kwa ajili ya skrubu ya upande wa pili, kwa sababu vitabu vya wakati ule vilikuwa na maelezo mawili yanayopingana kuhusu upi ni kulia na upi ni kushoto. Wakakigeuza, na usiku uliofuata picha ikaja. Kisa hiki kishikeni, tutakirudia tukifika kwenye bati lenu.

Mwaka 1963 ikaja Syncom 2, ya kwanza kufanya kazi kule juu alikosema Clarke. Meli ya Marekani iliyobeba dishi ilitia nanga bandarini Lagos, na tarehe 23 Agosti 1963 Rais Kennedy akaongea kwa simu na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, kupitia setilaiti hiyo. Yaani Afrika tulikuwemo tangu mapema.

Sasa njooni India, ndiko nilikotaka kuwapeleka.

India ya miaka ya sitini ilikuwa na vijiji maelfu kwa maelfu, barabara mbovu, na wahudumu wa afya wachache. Mwanasayansi Vikram Sarabhai, aliyeanzisha mpango wa anga wa nchi ile, alikuwa na wazo ambalo wengi waliliona la kichaa: tusisubiri kujenga minara ya televisheni mji kwa mji mpaka tufike kijijini, tuanze na kijijini moja kwa moja, kutokea juu. Mwaka 1969 India ikasaini makubaliano na NASA ya kuazimwa setilaiti kwa mwaka mmoja. Sarabhai mwenyewe alifariki Desemba 1971, hakuiona.

Setilaiti yenyewe iliitwa ATS-6. Ilirushwa Mei 1974, ikahudumia kwanza Marekani, halafu mwaka 1975 ikasogezwa polepole mpaka nyuzi 35 mashariki. Chukueni ramani muangalie, nyuzi 35 mashariki kwenye ikweta ni wapi? Ni magharibi mwa Kenya. Setilaiti iliyofundisha akina mama wa India ilikuwa imesimama juu ya vichwa vya ndugu zetu Wakenya, na watu wengi waliokuwa wanachuma chai kule chini hawakuwa na habari.

Kuanzia tarehe 1 Agosti 1975, vijiji 2,400 kwenye majimbo sita vilipokea matangazo. Kila kijiji kilipewa televisheni moja na dishi la mita tatu. Na dishi lenyewe sasa! Lilikuwa fremu iliyotandikwa wavu wa waya, kama ule wa banda la kuku. Msicheke. Mawimbi ya ATS-6 yalikuwa marefu, kama sentimita 35 kutoka kilele hadi kilele, na kwa wimbi refu namna hiyo matundu madogo ya wavu ni sawa na ukuta mzima. Wavu ni mwepesi, upepo unapita, na bei yake inabebeka.

Kulilenga nako hakukuwa kugumu sana. Dishi la mita tatu kwa mawimbi marefu linaona eneo pana la anga, kama nyuzi nane. Kutoka katikati ya India fundi aligeuza dishi magharibi, kusini kidogo, akaliinua kama theluthi moja ya njia kutoka upeo wa macho kwenda utosini. Akikosea nyuzi mbili tatu, picha bado inakuja.

Asubuhi kulikuwa na saa moja na nusu ya vipindi vya watoto wa shule. Jioni saa mbili na nusu kwa wote: kilimo, usafi, lishe, uzazi wa mpango, pamoja na ngoma na michezo ya kuigiza ili watu wasiondoke. Matangazo yalienda kwa Kihindi, Kioriya, Kitelugu na Kikannada. Televisheni iliwekwa shuleni au kwenye jengo la kijiji, watu wakakaa chini uwanjani, watoto mbele.

Hapa naongea kama nesi. Watafiti waliokuwa wanafuatilia waliona kwamba wanawake walihudhuria kwa uchache kuliko wanaume. Mnashangaa? Jioni ndiyo saa ya kupika, ya kuogesha watoto, na si kila mume anamruhusu mkewe akakae uwanjani usiku. Sisi kliniki tunalijua hilo, ukiweka elimu ya afya saa kumi na mbili jioni utaongea na viti. Lakini watafiti hao hao waliona pia kwamba upande wa afya na uzazi wa mpango, walioongeza maarifa zaidi walikuwa wanawake na watu wasiojua kusoma. Wale waliopata shida zaidi kufika ndio walioondoka na mengi. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kulipia ule wavu wa kuku.

Tarehe 31 Julai 1976 mwaka uliisha. Hakukuwa na nyongeza. ATS-6 ilirudishwa upande wa Amerika, na madishi yale yakabaki yanaangalia anga tupu. Baadhi ya vijiji vilipata baadaye matangazo ya minara, vingi vikasubiri miaka. Nawaza mama aliyekuwa amezoea kile kipindi cha lishe, jioni ya tarehe 1 Agosti anakuta kioo hakina kitu. Kuazimwa ni kuazimwa tu.

Miaka hiyo hiyo, Alaska, wahudumu wa afya wa vijijini walikuwa wanatumia setilaiti ya zamani zaidi, ATS-1, kuongea na daktari kwa sauti tu. Kabla ya hapo walitegemea redio za kawaida, ambazo kule kaskazini hukatika hovyo, wakati mwingine siku nzima. Mgonjwa anatapika damu, na redio inaunguruma tu. Kule mbali na ikweta setilaiti inaonekana chini, karibu na upeo, kwa hiyo kilima kimoja au msitu unatosha kuizuia. Sisi tuna bahati, za kwetu zipo juu.

Dishi la nyumbani lilikuja mwaka 1976, pale profesa wa Stanford, Taylor Howard, alipojitengenezea la kwake California na kuanza kunasa chaneli zilizokuwa zinatumwa kwa makampuni ya televisheni ya waya. Baada yake watu wakaweka madishi makubwa uani. Miaka ilivyokwenda setilaiti zikaongezewa nguvu, mawimbi yakafupishwa, na dishi likashuka mpaka hili letu la sentimita 90 au chini ya hapo.

Na hapo ndipo shida ya fundi wako ilipozaliwa. Mawimbi haya mafupi ni kama sentimita mbili na nusu tu, na dishi dogo linaona nyuzi mbili hivi za anga. Nyosha mkono mbele uangalie kidole gumba: upana wake ni karibu nyuzi mbili. Fundi anatafuta tundu la ukubwa huo kwenye anga zima, bila kuliona, na pembeni yake kuna setilaiti nyingine kila baada ya nyuzi chache.

Wale mliowahi kupimwa kwa ile pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni mtanielewa. Nesi akisogeza kidogo tu, sauti inapotea. Na kuna mtego: unaweza kusikia mapigo safi kabisa kumbe ni ya mama. Ndiyo maana king'amuzi kina mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ikipanda na ubora ukabaki sifuri, mara nyingi dishi limenasa jirani, au kelele tu. Mwambie fundi asifunge nati.

Mkiwa Dar na setilaiti yenu ni ile ya nyuzi 7 mashariki, inayotumiwa na Azam, dishi linaangalia magharibi, kaskazini kidogo tu, zaidi kidogo ya nusu ya njia kwenda juu. Jua la mwezi Machi linapozama ndiyo magharibi yenyewe. Mkiwa Nairobi na ile ya nyuzi 36, iliyotumiwa miaka mingi na DStv, ipo karibu utosini kabisa, hatua moja tu kutoka mahali ilipokuwa ATS-6. Dishi hizi za kawaida zina mkunjo wa chini, kwa hiyo linaangalia juu zaidi ya sura yake inavyoonyesha. Msilihukumu kwa macho.

Setilaiti dhaifu inatafutwa kwa kuanzia na jirani yake mwenye nguvu. Mpate huyo kwanza, halafu sogeza kidogo kidogo, upana wa kidole cha mwisho, na kila ukisogeza usubiri king'amuzi kisome, maana kinachelewa sekunde kadhaa. Wengi wanapita juu ya setilaiti kwa sababu ya haraka. Angalieni pia kama mwembe haujakua ukaziba njia. Na kama kila kitu kiko sawa na ubora bado hauji, basi ni yale ya Goonhilly: legeza LNB pale ilipobanwa, izungushe taratibu kama saa, nyuzi chache kulia, nyuzi chache kushoto.

Ila kwenye bati apande fundi, mvua ikiwa imekauka, na ile nguzo ya chuma ikae mbali na nyaya za umeme. Mtoto wa kupeleka ujumbe wa "imekuja" akae mlangoni, si chini ya ngazi.