GP32

GP32 ni konsoli ya mkononi ya michezo ya video iliyotengenezwa na kampuni ya Game Park ya Korea Kusini na kuanza kuuzwa nchini humo mwaka 2001. Hujulikana zaidi kwa programu zilizoandikwa na wapenzi wake kuliko kwa michezo iliyouzwa madukani.

Muundo

Prosesa yake ni ya Samsung, jamii ya ARM9, yenye kasi ya kawaida ya megahezi 133. Kumbukumbu ni megabaiti 8, na skrini ya rangi ya inchi 3.5 ina pikseli 320 kwa 240. Hutumia betri 2 za AA. Toleo la kwanza halikuwa na taa ya skrini. Toleo la BLU la mwaka 2004 lilikuwa na taa ya nyuma. Michezo haikuwekwa kwenye katriji bali kwenye kadi za SmartMedia, zilezile zilizotumika katika kamera za dijiti za wakati huo.

Programu za wapenzi

Kwa kawaida watengenezaji wa konsoli huzuia programu zisizo na leseni, hivyo mpenzi hulazimika kuvunja ulinzi kwanza. Game Park ililinda michezo ya biashara, lakini mmiliki aliyejisajili alipewa programu ndogo ya kuendeshea faili alizotengeneza mwenyewe. Aliandika programu kwa lugha ya C kwenye kompyuta, akaitafsiri kwa zana huria za GCC, akahamishia faili kwenye kadi na kuijaribu.

Sehemu kubwa ya kazi hizo ni programu za kuigiza mitambo ya zamani, kama NES na Mega Drive. Mchezo wa Doom nao ulihamishiwa humo. Kwa kuwa uigizaji huelemea prosesa, sehemu nzito ziliandikwa kwa lugha ya asembli. Wengine waliipandisha prosesa juu ya megahezi 133, ingawa betri ziliisha upesi na si kila kifaa kilihimili.

Warithi

Mauzo ya GP32 yalikuwa madogo. Hata hivyo, mwaka 2005 kampuni ya GamePark Holdings, iliyoanzishwa na watu waliotoka Game Park, ilitoa GP2X inayotumia Linux. Baadhi ya wapenzi wa GP2X walibuni konsoli yao wenyewe, Pandora, iliyoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2010.