Mbona Saa Yako Inakudanganya? Historia Fupi ya Kuhesabu Hatua na Usingizi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo nataka tuzungumzie saa za mazoezi, hizi za mkononi zinazodai kujua umetembea hatua ngapi na umelala kwa muda gani. Watu huniletea swali moja kwa namna nyingi: mbona inanidanganya? Wengi wanataka niwaambie kitufe cha kubonyeza. Vitufe vipo, nitavitaja, lakini makosa ya saa hizi yana umri mkubwa kuliko saa zenyewe na ni vizuri kujua yalikotoka.

Tuanze na hatua. Mwaka 1780 fundi saa wa Uswisi, Abraham-Louis Perrelet, alitengeneza kifaa cha kuhesabu hatua. Alikuwa ameshaunda saa iliyojijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mwili wa anayeivaa, na kifaa kipya kilitumia wazo lile lile. Angalia vizuri hapo: kinachohesabiwa ni mtikisiko. Hatua yenyewe hakuna kifaa kinachoiona.

Miaka minane baadaye, 1788, Thomas Jefferson akiwa mwakilishi wa Marekani mjini Paris alimtumia rafiki yake James Madison kihesabu hatua, pamoja na maelezo ya kukivaa: toboa mfuko wa saa wa suruali, pitisha utepe hadi chini, ufunge karibu na goti. Mguu ukisonga, utepe unavuta na namba inaongezeka. Mimi nauona kuwa mwongozo bora kuliko mingi inayokuja na vifaa vya siku hizi :-) Jambo kubwa ni kwamba kifaa kilifungwa mguuni, mahali hatua inapotokea.

Namba 10,000 nayo ilitoka Japani. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ilianza kuuza kifaa cha kuvaa kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilikuwa zuri sokoni, likakwama hadi leo kwenye programu za simu. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walitoa utafiti juu ya wanawake 16,741 wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Vifaa vyao vilivaliwa kiunoni.

Basi vilihamiaje mkononi? Hapo ndipo akselerometa inapoingia. Ni kipande kidogo mno cha silikoni kilichoning'inizwa kwenye springi nyembamba, ndani ya chipu. Ukisogea, kipande kinabaki nyuma kidogo, na chipu inapima tofauti hiyo. Miaka ya 1990 chipu hizi zilitumika kwenye magari ili kufungua mfuko wa hewa wakati wa ajali. Bei iliposhuka zikaingia kwenye rimoti ya Nintendo Wii mwaka 2006, na kwenye iPhone mwaka uliofuata. Fitbit ya kwanza, ya 2009, ilikuwa bado ya kubana kwenye nguo. Lakini kitu cha kubana husahaulika, kinaingia kwenye beseni la kufulia pamoja na suruali. Mkono hausahauliki. Kwa hiyo kifaa kikapanda mkononi, na programu ikapewa kazi ngumu: kukisia miguu inafanya nini kwa kuangalia mkono.

Programu inasoma akselerometa mara nyingi kila sekunde ikitafuta mdundo, kama mapigo mawili hivi kwa sekunde, mdundo wa mtu anayetembea. Nyingi husubiri hatua kadhaa za mfululizo kabla ya kuanza kuhesabu, ili ukijikuna pua usiandikiwe safari. Ndiyo maana kukanda unga wa chapati kunakuongezea hatua, na kuzunguka jikoni hatua tatu tatu hakukupi kitu.

Hili si la kuchekesha tu. Mama yangu ana sukari, na kliniki walimwambia atembee. Nilimpa saa. Kila asubuhi yeye husukuma wilbaro yenye mitungi ya maji kutoka kisimani, mlima na mteremko. Akanipigia simu: "Baba, hii saa yako inasema sijatoka nyumbani." Kumbe jioni alikuwa akiongeza safari nyingine, na goti lake linauma, ili tu afikishe ile elfu kumi. Mikono iliyoshika wilbaro haipungi, kwa hiyo mdundo haupo. Nikamwomba ahesabu hatua 200 kwa mdomo akisukuma. Saa iliandika 61. Tukaifunga kwenye kifundo cha mguu, ndani ya soksi, akarudia: 194. Kama Jefferson! Safari ya jioni ameiacha, na lengo tumeliweka 6,000.

Sasa usingizi, ambako mambo ni mabaya zaidi. Kipimo cha kweli kinatoka kichwani. Mjerumani Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, na mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambapo macho hukimbia huku na huku chini ya kope. Lakini huwezi kumlaza mtu na nyaya kichwani kila siku nyumbani kwake. Kuanzia miaka ya 1970 watafiti wakajaribu njia ya mkato: mvalishe kipima mwendo mkononi, asiposogea sema amelala.

Mwaka 1992 Roger Cole, Daniel Kripke na wenzao walichapisha fomula iliyopata umaarufu. Kwa kila dakika inachukua mwendo wa dakika hiyo, nne zilizotangulia na mbili zinazofuata, inazipa uzito tofauti na kuzijumlisha. Jumla ikiwa ndogo, umelala. Ililingana na vipimo vya ubongo kwa takriban asilimia 88.

Msomaji, usishangilie bado. Chukua mtu aliyelala kitandani dakika 480, akawa macho kwa dakika 48 kati ya hizo. Mimi naweza kuandika programu ya mstari mmoja inayojibu "amelala" kila dakika bila kupima chochote, na itapata asilimia 90! Udhaifu wa kipima mwendo uko palepale: kinawatambua waliolala vizuri sana, na aliye macho akiwa ametulia, akiwaza karo ya shule gizani, kinamwandikia usingizi. Anayeihitaji saa kuliko wote, yule asiyepata usingizi, ndiye inayemkosea zaidi.

Njia hii hata hivyo imetufundisha mengi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya vifaa vya mkononi walivyowavalisha Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wasio na taa za umeme. Wastani wa usingizi ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1, chini ya nane tunazohubiriwa. Na kama kifaa kina kasoro, kasoro yake ya kawaida ni kuongeza usingizi.

Saa za leo zimeongeza taa ya kijani inayosoma mapigo ya moyo kupitia ngozi, ndipo zinachora zile rangi za usingizi mzito na mwepesi. Mchoro huo ni makisio ya programu iliyofunzwa kwa data za watu wengine waliolala maabara. Muda wa kulala na kuamka uangalie. Zile rangi, mimi sizisomi.

Vitufe nilivyoahidi: kwenye mipangilio taja mkono gani umevaa saa, maana mkono unaotumia zaidi husogea zaidi. Andika urefu wako sahihi, kwani umbali unatokana nao. Usiku kaza mkanda, juu kidogo ya mfupa wa kifundo, mwanga wa kijani usivuje. Ukifanya kazi ya usiku badilisha ratiba ya kulala, la sivyo baadhi ya saa zitauchukua usingizi wako wa mchana kuwa kupumzika tu. Kisha hesabu hatua 200 kwa mdomo, mara moja mikono ikiwa huru na mara moja ukiwa umebeba kitu, uniandikie umepata ngapi.