Picha za maua katika bustani ya Agosti 7

Kila Agosti 7, jamaa za waliouawa katika shambulio la bomu la mwaka 1998 hukusanyika penye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie jijini Nairobi, mahali uliposimama ubalozi wa Marekani. Huweka maua karibu na ukuta ulioandikwa majina ya marehemu. Shambulio hilo liliua watu 213 jijini humo, 12 kati yao wakiwa Wamarekani, na wengine 11 jijini Dar es Salaam, ambako ubalozi wa pili ulilipuliwa karibu wakati huohuo. Bustani ya ukumbusho ilifunguliwa mwaka 2001.

Maua hayo hayadumu. Waridi likiachwa juani bila maji hunyauka upesi, na mashada hatimaye huzolewa. Hata jijini Washington, ambako barua, viatu na nishani zinazoachwa kwenye ukuta wa wanajeshi waliofia Vietnam, uliozinduliwa mwaka 1982, hukusanywa na kuhifadhiwa, maua mabichi hayawekwi ghalani. Basi picha huenda ikawa ithibati pekee kwamba mwaka fulani marehemu fulani alikumbukwa.

Hapo ndipo wapiga picha wengi hukosea. Hulisogelea ua mno hadi jina lililo nyuma yake likapotea, ikabaki picha nzuri ya waridi lolote lile, liwe la sokoni au la harusini. Afadhali mpiga picha achutame, aonyeshe ua na jina kwa pamoja, kisha aandike tarehe. Taa ya kamera izimwe, kwani nailoni iliyofungia maua hurudisha mwanga na kuficha rangi. Siku ya mawingu, ambayo wengi huilaani, ndiyo bora. Maua yasihamishwe hata kidogo. Aliyeyaweka alichagua mahali pake.

Kadi zahitaji uangalifu zaidi. Mpita njia aweza kuzisoma, lakini kuzichapisha gazetini ni jambo jingine, na mwandishi wa kadi akiwapo yafaa aombwe ruhusa. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha ya mtu, nazo kanuni zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 ziliwataka wanahabari wawaendee waliofiwa kwa huruma na busara. Aliyepiga magoti aachwe amalize, ndipo kamera iinuliwe. Jamaa akiomba nakala ya picha, apewe.